Jinsi vikundi vya jamii vinavyookoa muziki wa asili: mifano ya Ireland, Busoga na Juba

Mambo makuu

- Chama cha wapiga zumari wa Ireland kilianzishwa mwaka 1968, wakati wapigaji walikuwa hawafiki 100.
- Muziki wa bigwala wa Wasoga, Uganda, uliingia mwaka 2012 katika orodha ya UNESCO ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka.
- Kikundi cha Kwoto kilianzishwa mwaka 1994 na watu wa Sudan Kusini waliokuwa wamekimbia vita.

Wazee wanne. Hao ndio mabingwa wa bigwala waliokuwa wamebaki mashariki mwa Uganda mwaka 2012, wenye ujuzi kamili wa kuitengeneza, kuipiga na kuicheza. Bigwala hupigwa kwa tarumbeta tano au zaidi, zilizotengenezwa kwa vibuyu. Kwa hiyo mabingwa waliosalia hawakutimia hata seti moja.

Habari hii inawagusa wasikilizaji wetu wengi. Aliyehama Juba, Bukavu au Kigoma akiwa kijana huenda anaikumbuka ngoma ya kwao, lakini hawezi kumfundisha mwanawe. Je, muziki uliofika ukingoni unaweza kurudi? Mifano mitatu ifuatayo inaonyesha kwamba unaweza, ila haurudi wenyewe.

Zumari ya kiwiko

Watu wengi wakisikia habari za zumari yenye mfuko wa ngozi humfikiria askari wa Uskoti anayepuliza huku akipiga hatua. Zumari ya Ireland ni nyingine. Mpigaji huketi, wala haipulizi kwa mdomo. Chini ya kiwiko cha mkono mmoja huweka mvukuto mdogo unaosukuma hewa, na chini ya kiwiko cha pili huubana mfuko unaoipeleka hewa hiyo kwenye mirija. Jina lake, *uilleann*, linatokana na neno la Kiayalandi lenye maana ya kiwiko.

Ala hii ni ngumu kujifunza na ni ngumu zaidi kuitengeneza. Sauti yake hutoka katika ndimi nyembamba za matete zinazochongwa kwa mkono. Ulimi ukiharibika, na fundi wa kuchonga mwingine hayupo, zumari nzima hunyamaza.

Historia nayo iliitesa. Njaa kuu ya Ireland, kati ya mwaka 1845 na 1852, iliua watu wapatao milioni moja na kuwalazimisha wengine wanaokadiriwa kufikia idadi hiyo kuihama nchi. Miongoni mwa walioondoka walikuwamo wanamuziki na wasikilizaji wao. Hata hivyo, baadhi ya hazina hiyo ilihifadhiwa ughaibuni. Francis O'Neill, mzaliwa wa County Cork aliyepata kuwa mkuu wa polisi wa jiji la Chicago, alikusanya nyimbo kutoka kwa wahamiaji wenzake, na mwaka 1903 alichapisha kitabu chenye tuni 1,850. Leo wanamuziki walioko Ireland kwenyewe hukirejea kitabu hicho kilichotungwa Marekani.

Hata hivyo kitabu hakimfundishi mtu namna ya kubana mfuko. Mwaka 1968 wapiga zumari walikutana Bettystown, katika County Meath, wakaunda chama kilichoitwa Na Píobairí Uilleann, yaani Wapiga Zumari za Kiwiko. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Breandán Breathnach, mtafiti na mkusanyaji wa nyimbo. Wakati huo wapigaji waliobaki walikuwa chini ya 100.

Chama hicho hakikuishia kuandaa matamasha. Kilifungua madarasa, kikahifadhi rekodi za mabingwa, kikakutanisha wanafunzi na wazee, na kikafundisha utengenezaji wa zumari pamoja na ndimi zake. Makao yake yapo Henrietta Street mjini Dublin, katika jumba la kale lililokarabatiwa baada ya kuchakaa. Leo wapigaji ni maelfu, nao wametapakaa katika nchi nyingi. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza upigaji wa zumari hiyo katika orodha wakilishi ya turathi za binadamu zisizoshikika.

Bigwala: kila pumzi moja, sauti moja

Turudi Afrika Mashariki, katika nchi ya Wasoga, pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria karibu na mji wa Jinja. Tarumbeta ya bigwala huunganishwa kwa vipande vya vibuyu virefu, na kila tarumbeta hutoa sauti moja tu. Mmoja hupuliza, mwenzake hujibu, wa tatu hupokea, mpaka sauti hizo zikifuatana kwa zamu zinakuwa wimbo. Ngoma huingia, waimbaji hufuata, kisha wachezaji huzunguka kwa mwendo wa taratibu huku wanawake wakipiga vigelegele.

Kwa namna yake, muziki huu haumruhusu mtu kuwa bingwa peke yake. Asipokuwapo mmoja, wimbo una pengo.

Bigwala ilikuwa muziki wa sherehe za kifalme, kama kutawazwa kwa Kyabazinga, mtawala wa Busoga. Mwaka 1967 serikali ya Uganda ilifuta falme za kijadi, na muziki uliotegemea kasri ukapoteza mlezi. Falme ziliporudishwa miaka ya 1990, karibu kizazi kizima kilikuwa kimepita bila kufundishwa.

Baada ya kuorodheshwa mwaka 2012, ulianza mradi wa kuwafundisha vijana chini ya wazee waliobaki. Hapo likaonekana tatizo ambalo mtu wa mbali asingelifikiria: mimea yenyewe ya kutambaa, inayozaa vibuyu vya umbo linalofaa, ilikuwa imekuwa adimu. Haikutosha kuwatafuta walimu. Ilibidi mbegu zitafutwe, zipandwe, na watu wasubiri mavuno. Kama Ireland ilivyohitaji wachongaji wa ndimi za matete, Busoga ilihitaji wakulima.

Juba na muziki uliobebwa na wakimbizi

Mto huohuo wa Nile, ukiteremka kaskazini, hupita Juba, mji uliokua katika nchi ya Wabari na ambao sasa ni makao ya watu wa makabila mengi ya Sudan Kusini. Wazande wana kinubi chao kiitwacho kundi. Waacholi, wanaoishi pande zote mbili za mpaka na Uganda, wana baragumu liitwalo bila. Kila ala ina watu wake, lugha yake na wakati wake wa kupigwa.

Vita vya mwaka 1983 hadi 2005 viliwatawanya watu hao. Baadhi walielekea kusini, Kenya na Uganda, ambako wengi walijifunza Kiswahili. Wengine walikimbilia kaskazini, kwenye viunga vya Khartoum. Huko, mwaka 1994, kilianzishwa kikundi cha Kwoto. Wanachama wake walitoka katika makabila mbalimbali ya kusini. Walikusanya nyimbo, ngoma na hadithi za makwao, wakaziweka jukwaani, na katika michezo yao walitumia Kiarabu cha Juba, lugha ambayo wote waliielewa.

Kwa watoto waliozaliwa kambini, jukwaa hilo lilikuwa mahali pa kuuona utamaduni ambao wazazi wao walikuwa wakiusimulia tu. Pia liliwafanya majirani wa makabila tofauti kujifunza nyimbo za wenzao. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 9, 2011, lakini vita vilivyozuka Desemba 2013 viliwarudisha wengi ukimbizini, na kazi ya kukusanya na kufundisha ikawa ya lazima tena.

Kikundi kinachodumu hufanya nini?

Mifano hii mitatu inatofautiana kwa mengi, lakini inatoa mafunzo yanayofanana kwa yeyote anayefikiria kuanzisha kikundi katika jamii yake:

- Huanza na wazee. Ujuzi uliomo mikononi mwa mtu mmoja hupotea siku anapofariki. Kumrekodi ni hatua ya kwanza. Kumpa wanafunzi ni hatua ya pili.
- Hufundisha ufundi wa ala. Kikundi kisicho na mtu wa kutengeneza au kukarabati ala hutegemea bahati.
- Hukutana kwa siku maalumu. Onyesho la mara moja kwa mwaka huleta makofi, lakini mwanafunzi huhitaji darasa la kila wiki.
- Huazimisha ala. Si kila mzazi anaweza kununua kinubi au ngoma kabla hajajua kama mtoto ataipenda.
- Hufungua mlango. Muziki uliofungiwa ndani ya ukoo mmoja au kasri moja hutoweka pamoja na mlezi wake.

Ipo pia hoja ambayo wazee husikika wakiitoa: kwamba wimbo ukitolewa mahali pake, ukapelekwa jukwaani au darasani, hubadilika. Hoja hiyo ni ya kweli. Bigwala inayofundishwa kwa vijana wa shule si ileile iliyopigwa mbele ya kasri, na zumari ya Dublin haisikiki kama ilivyosikika kijijini kabla ya njaa. Lakini wazee waliobaki Busoga walikubali kufundisha, kwa kuwa walijua kitakachofuata wasipofundisha.

Kwa msikilizaji aliye mbali na kwao, kazi inaweza kuanza kwa jambo dogo. Muulize mzazi, shangazi au mjomba jina la ala iliyopigwa katika harusi yake, nani aliyeipiga, na ilitengenezwa kwa mti gani. Liandike jibu hilo katika lugha aliyolitolea. Kisha uliza ni nani mwingine katika jamii yenu anayelijua jambo hilohilo. Mkifika watano, mnaweza kuanza.