Romanes: jina la lugha au namna ya kusema?

Wadau, sisi tunaoandika programu tunaijua ile orodha ya misimbo ya lugha. Humo `ro` ni Kiromania, `rm` ni Kiromanshi cha Uswisi, na `rn` ni jirani yetu Kirundi. Lugha ya Waroma, jamii iliyotapakaa kote Ulaya, haina msimbo wa herufi mbili. Ina wa herufi tatu, `rom`, na chini yake kuna mingine saba ya matawi yake.

Wengi hudhani jina hilo limetoka Roma au Romania. Hapana. Asili yake ni neno *rom*, mwanamume au mume wa jamii hiyo. Kutokana nalo tunapata *romani čhib*, yaani ulimi wa Kiroma. Lakini ukitaka kujua kama mtu anaizungumza, utamwuliza: *Vakeres romanes?* Hapo *romanes* si nomino bali ni kielezi: "Unasema kwa namna ya Waroma?" Mswahili haoni ugumu hapo, kwani ki- yetu hufanya kazi hiyo hiyo. Mtu hulia kitoto, huvaa kizungu, husema Kiswahili. Kwa Kijerumani kielezi hicho kimegeuzwa kuwa jina la lugha.

Zamani Wazungu waliamini kwamba watu hawa walitoka Misri, na ndiyo asili ya neno la Kiingereza *Gypsy*. Mwaka 1782 Mjerumani Johann Rüdiger alichapisha ulinganisho ulioonyesha kwamba lugha yao ni ya Kihindi. Hebu hesabu: *jekh, duj, trin*. Kihindi husema *ek, do, tin*. Maji ni *pani* kote kuwili. Ila saba, nane na tisa ni *efta, oxto, enja*, na njia ni *drom*: hayo ni ya Kigiriki. Lugha imehifadhi safari nzima, kama seva inavyohifadhi kumbukumbu za kila aliyepita.

Sasa tufike penye uchungu. Kuanzia 1936, Robert Ritter aliongoza kituo cha serikali ya Wanazi kilichokusanya nasaba za Waroma na Wasinti, tawi lao la Ujerumani. Msaidizi wake, Eva Justin, alijua Romanes na aliitumia kupata imani ya watu. Taarifa hizo zilisaidia kuwapeleka wengi Auschwitz. Ndiyo maana hadi leo Wasinti wengi hawapendi lugha yao ifundishwe kwa wageni.

Tarehe 8 Aprili 1971, wajumbe walikutana karibu na London na kukubaliana juu ya jina walilojichagulia wenyewe: Roma. Mwaka 1990, huko Warsaw, kongamano lao lilipitisha tahajia ya pamoja, ingawa wengi bado huandika kwa kufuata tahajia ya nchi wanamoishi.

Wasinti nao wana msimbo wao, `rmo`. Ukiuona kwenye orodha, usidhani kwamba ni safu tupu inayosubiri kujazwa data. Msimbo hurahisisha kazi ya tarakilishi, lakini hautoi ruhusa. Ruhusa iko kwa wenye lugha, na hao wana sababu ya kutaka kujua kwanza nani anakusanya maneno yao, na ya nini.

Nyinyi mnaotengeneza kamusi na programu za tafsiri, mwaonaje?