Spea za Vespa: msizitafute Ulaya

Wadau, tuanze na jiografia kidogo. Ukitoka Kilosa mjini kwenda Mikumi, safari ya kilomita kama 78 hivi, utapita mahali panaitwa Ulaya. Sitanii, ni kata halali kabisa ya wilaya ya Kilosa. Nimeitaja kwa sababu wenye skuta za zamani wengi, ukiwauliza spea nzuri inatoka wapi, wanakujibu kwa neno hilo hilo moja: Ulaya. Mimi nasema historia inawakatalia.

Mjomba wangu ni mmoja wao. Ni karani mstaafu, anaishi Kilosa, na Vespa yake ya cc 150 ilikuwa imelala chini ya mwembe tangu pistoni ilipokwama. Watoto wake walishaichoka. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamepita mara mbili wakitaka kuipima kwa kilo.

"Mjomba, wewe si uko Dar?" akaniambia. "Nitafutie pistoni. Lakini iwe ya Ulaya, hizi za India sizitaki."

"Mjomba," nikamjibu, "hiyo Ulaya yako ilishahamia India siku nyingi."

Hakucheka. Basi ikabidi nimweleze, na nyie nawaeleza.

Vespa ilizaliwa mwaka 1946 huko Pontedera, Italia. Kampuni ya Piaggio ilikuwa ikitengeneza ndege, vita ikaacha kiwanda magofu, na Waitaliano wa kawaida hawakuwa na hela ya gari. Mhandisi Corradino D'Ascanio, mtu wa helikopta ambaye wala hakuzipenda pikipiki, akachora chombo ambacho hata aliyevaa sketi anapanda bila taabu: injini imefichwa pembeni, na bodi ya bati ndiyo chesisi yenyewe. Mwaka 1947 kampuni ya Innocenti ya Milan ikajibu kwa Lambretta. Mwaka 1948 Piaggio wakachukua Vespa yao, wakaiongezea gurudumu la tatu na sehemu ya mizigo, wakaiita Ape. Likumbukeni hilo gurudumu la tatu, tutalirudia.

Skuta hizo zilifika kwetu tangu enzi za mkoloni. Na Kilosa ilikuwa mahali pazuri pa kuzipokea. Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, iliigeuza Kilosa kuwa mji wa mkonge na maduka. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na mashamba ya Kilosa na Kimamba yalikuwa na sehemu yake humo. Penye mkonge pana ofisi, penye ofisi pana karani, na karani mwenye mshahara anataka chombo cha kumfikisha kazini suruali ikiwa safi.

Kisha mambo yakabadilika. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaiweka biashara kubwa ya kuagiza bidhaa mikononi mwa serikali, kupitia shirika la STC. Kwa muda ikaenda. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikaja mwaka 1978 na 1979, na akiba ya fedha za kigeni ikakauka. Kufikia mwaka 1983, wakati wa kampeni ya kuwasaka walanguzi na wahujumu uchumi, sabuni na sukari vilikuwa vya foleni. Sasa kama sabuni ni ya foleni, pistoni ya skuta ungeiomba kwa nani?

Hapo ndipo fundi wa Kitanzania alipojifunza kazi ya kweli. Kisichopatikana, chonga. Serikali nayo ilikuwa imeliona hilo: SIDO iliundwa mwaka 1973 kuvisaidia viwanda vidogo. Ukitoka Mikumi kuelekea Ifakara utafika Mang'ula, ambako Wachina waliojenga TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975 walikuwa na karakana kubwa ya kuchonga vyuma, ambayo baadaye ikawa kiwanda cha mashine na vipuri.

Mwaka 1984 mlango ukafunguliwa kidogo: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa, asiulizwe sana kazipata wapi. Bidhaa zikarudi madukani. Lakini wakati sisi tumefunga mlango, wenzetu huko nje walikuwa wamehama nyumba!

Innocenti waliacha kutengeneza Lambretta mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mitambo yao ikauzwa kwa serikali ya India, ikasafirishwa hadi Lucknow, na kampuni ya Scooters India ikaendelea kuunda Lambretta zile zile kwa majina mapya. Upande wa Vespa, kampuni ya Bajaj ilikuwa ikiziunda India kwa leseni ya Piaggio tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leseni ilipokwisha mwaka 1971, Bajaj hawakufunga kiwanda. Mwaka 1972 wakatoa Chetak, jina la farasi maarufu wa historia ya Kihindi, ambayo ukiivua nembo ni Vespa ya karani wako. Katika miaka ya 1980 kiwanda kingine, LML cha Kanpur, kikashirikiana na Piaggio kuunda Vespa za toleo la P.

Kwa hiyo, spea ya India kwa Vespa ya zamani ni ya ukoo. Italia walipokwenda kwenye matoleo mapya, India waliendelea kuunda yale ya zamani kwa mamilioni, kwa watu walioyatumia kila siku kubeba mke, watoto na gunia la unga. Kiwanda kinachohudumia watu wa namna hiyo hakiwezi kuacha kutengeneza pistoni.

Na lile gurudumu la tatu je? Bajaj walilichukua pia. Hii bajaji unayopanda kwenda Mwenge imetokana na Ape, ambayo imetokana na Vespa. Ushahidi uko kwenye injini. Vespa 150 ya zamani ina silinda ya kipenyo cha milimita 57 na pistoni inatembea milimita 57, yaani cc 145.45. Bajaji za mwanzo, zile za kuchanganya petroli na oili, zina cc 145.45. Chetak pia, 145.45. Damu haifichiki.

Lakini undugu usikupumbaze, na hapa nasema na wenye skuta. Kipenyo sawa si lazima pistoni sawa, maana njia za hewa ndani ya silinda zinatofautiana kati ya toleo na toleo. Toleo la P lenyewe lina kipenyo cha milimita 57.8. Kabla hujaenda Gerezani au Kariakoo, andika namba ya chesisi. Herufi zake za mwanzo ndizo jina halisi la skuta yako: VBB1T ni Vespa 150 ya kawaida, VLB1T ni Sprint. Ukimwambia muuza duka "naomba pistoni ya Vespa" umemwambia nusu ya habari.

Pili, kitu cha mpira usikinunue kwa sababu ni cha zamani. Sili ya Kiitaliano iliyokaa stoo miaka 40 bado inaitwa mpya, lakini mpira umeshakakamaa. Sili za kwenye kranki zikivuja, injini inavuta hewa, mchanganyiko unakosa mafuta, joto linapanda, na pistoni inakwama tena. Hapo sili mpya ya India inaishinda ya Italia bila ubishi.

Tatu, duka la spea za bodaboda lisikudanganye. Mikumi ni mji wa barabara kuu, wa malori na bodaboda, na spea zilizojaa pale ni za Boxer na SanLG. Plagi nyingi za bodaboda zina uzi mwembamba zaidi, Vespa inataka wa milimita 14. Na viatu vya breki vya kulazimisha usivikubali hata kwa bei ya bure. Ukishindwa kusimama mbele ya lori la Tunduma, huo ubahili utakuwa umekusaidia nini?

Pistoni ya mjomba niliipata Kariakoo, imetoka India, saizi ya juu kidogo. Fundi mchongaji wa Morogoro mjini akaipanua silinda iendane nayo, tukaweka ringi na sili mpya, na oili kwenye petroli mililita 20 kwa kila lita. Mjomba alisikiliza mlio kwa muda mrefu, halafu akasema, "Sawa, mjomba. Hawa Wahindi wa Ulaya wanajua kazi."

Ila tusijidanganye kwamba itakuwa hivi milele. Bajaj waliacha skuta za petroli mwaka 2009, na jina la Chetak lilirudi mwaka 2020 likiwa kwenye skuta ya umeme. LML walifunga. Mwaka 2021 serikali ya India iliamua kuifunga Scooters India. Bajaji nazo zimehamia kwenye injini zisizochanganya oili, kwa hiyo ule undugu wa 145.45 unapungua mitaani kila mwaka. Kinachobaki ni watengenezaji wa spea wa huko India, stoo za maduka ya hapa, na mikono ya wachongaji wetu, ambao wengi sasa ni wazee.

Kama kuna skuta chini ya mwembe wa kwenu, msiisubirie Ulaya. Soma namba ya chesisi leo, na umtafute mchongaji angali anaona vizuri.