Ataksia: Mguu Una Nguvu, Hatua Haina Uhakika

Kiswahili hakina uhaba wa vitenzi vya kumweleza mtu asiyetembea sawasawa. Mtu huyo hupepesuka, huyumba, huwayawaya. Mabaharia wa pwani nao walikuwa na lao: chombo kinacholalia huku na kule baharini huenda mrama, na msemo huo ukapanda nchi kavu ukatumika kwa kila jambo lililopoteza mwelekeo. Utajiri wote huo, hata hivyo, una hatari kwa mgonjwa mmoja. Ukisema kijana fulani amepita njiani akipepesuka, anayekusikiliza atauliza amekunywa nini. Hatafikiria ugonjwa, kwa kuwa haufahamu, na haufahamu kwa sababu hajawahi kusikia jina lake.

Jina lenyewe ni ataksia, neno lenye asili ya Kigiriki. Taksis ni mpangilio, hata ule wa askari waliosimama safu kwa safu, na ile a ya mwanzo hukanusha. Neno kwa neno, basi, ataksia ni “kukosa mpangilio”. Tafsiri hiyo haifai. Mama akiambiwa mwanawe ana ukosefu wa mpangilio atadhani anasemwa tabia, kwamba mtoto ni mzembe au chumba chake hakifagiliwi.

Kinachokosa mpangilio ni mijongeo ya mwili. Ili unyanyue kikombe cha chai, misuli kadhaa ya bega, mkono na vidole lazima ikaze na kulegea kwa zamu, kila mmoja kwa kiasi chake na kwa wakati wake. Msimamizi mkuu wa zamu hizo ni ubongo mdogo, ulio kisogoni chini ya ubongo mkubwa. Ni sehemu ndogo kwa ukubwa, lakini imebeba zaidi ya nusu ya seli za neva za ubongo wote. Ukiharibika, nguvu za misuli zinaweza kubaki. Uratibu ndio unaopotea. Mkono hukipita kikombe au hukifikia kwa kishindo. Miguu hutanuliwa ili mtu asianguke, na bado huanguka. Ulimi huwa mzito, maneno yakatoka yakiburuzika. Macho huchezacheza na kushindwa kutulia kwenye mstari wa kitabu. Kwa wengi, hata kumeza huwa kazi, wakapaliwa na maji ya kawaida.

Pombe nayo huuvuruga ubongo mdogo huohuo, ndiyo maana mlevi na mgonjwa wa ataksia hufanana wakiwa barabarani. Ila mlevi atalala na kuamka mzima. Mwenzake ataamka na mwendo uleule, na jirani atakuwa ameshampa jina.

Tumwiteje, basi, kwa Kiswahili? Wapo wanaosema amepooza, na wanakosea: aliyepooza amepoteza nguvu au uwezo wa kusogeza kiungo, ilhali mgonjwa huyu anaweza kukukaba mkono kwa nguvu akashindwa kufunga kifungo cha shati. Kizunguzungu pia hakitoshi. Hicho ni hisia ya dunia kuzunguka, na wengi wenye ataksia hawaihisi kabisa. “Kukosa msawazo” kunakaribia, lakini kunaishia miguuni. Ulimi, macho na vidole vinaachwa nje, na muuguzi anayesikia neno msawazo hatakumbuka kuuliza kama mgonjwa anapaliwa.

Rai yangu ni kulitohoa neno, tuandike ataksia kama tulivyoandika saratani bila kuona haya, na palipo na nafasi tuliambatanishe na maelezo yake: hali ya mwili kukosa uratibu wa mijongeo. Jina fupi hukaa kwenye kadi ya kliniki. Maelezo hukaa kinywani mwa daktari anapozungumza na familia.

Jina hilo peke yake linataja dalili tu. Lazima lifuatwe na swali: ataksia ya nini? Miaka ya 1850, Mfaransa Duchenne alieleza ataksia ya mwendo iliyokuwa ikiwapata watu wazima, na baadaye ikajulikana kuwa chanzo chake ni kaswende iliyokula neva za uti wa mgongo. Hao ubongo wao mdogo ulikuwa salama. Walichopoteza ni taarifa: miguu haikuupa tena ubongo habari za mahali ilipo. Hiyo ndiyo ataksia ya hisi, na kipimo chake kinabeba jina la Romberg wa Ujerumani. Mgonjwa husimama miguu pamoja macho wazi, kisha hufumba macho. Akianza kuyumba pale tu anapofumba, maana yake macho ndiyo yaliyokuwa yakimsimamisha. Kipimo hiki hakihitaji mashine wala umeme, na kinaweza kufanyika katika zahanati yoyote.

Mwaka 1863 Nikolaus Friedreich, tabibu wa Heidelberg, alianza kuandika habari za ugonjwa mwingine uliowapata vijana, tena ndugu wa tumbo moja. Haukukubaliwa upesi kuwa ugonjwa unaojitegemea. Leo ataksia ya Friedreich inajulikana hadi kwenye jeni, iliyotambuliwa mwaka 1996. Herufi tatu za DNA, GAA, hurudiwa humo. Watu wengi wana marudio yasiyofika 40, ilhali wagonjwa wana mamia, pengine zaidi ya 1,000. Marudio hayo hubana utengenezaji wa protini iitwayo frataksini, na bila hiyo mitokondria, zinazozalisha nishati ya seli, hudhoofika. Ugonjwa huanza mara nyingi kati ya miaka 5 na 15. Baadaye uti wa mgongo hupinda, baadhi hupata kisukari, na moyo huugua. Moyo ndio unaowaua wengi wao. Akili hubaki timamu, na hilo ningependa kila mwalimu alijue.

Mtoto huugua akirithi jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe ni wazima. Kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. Hebu fikiria nyumba ambamo watoto wawili, mmoja baada ya mwingine, wanaanza kupepesuka, na wazazi hawana dalili hata moja. Hapo ndipo ndugu huanza kutafuta mchawi, na mara nyingi kidole humwelekea mama. Maelezo ya urithi yakitolewa kwa lugha ambayo shangazi na babu wanaielewa, humwondolea mwanamke huyo mzigo usio wake.

Aina ya Friedreich hupatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na India. Kwetu kusini mwa Sahara ni nadra sana, lakini hatujaepuka ataksia za kurithi. Lipo kundi linalohusisha uti wa mgongo na ubongo mdogo, lenye aina zaidi ya 40 zinazotambulishwa kwa namba, na hapa mzazi mmoja tu mwenye jeni hiyo anatosha kumrithisha mtoto, kwa nafasi 1 kati ya 2. Aina ya 7, inayoharibu pia uwezo wa kuona, imepatikana kwa wingi miongoni mwa Waafrika weusi wa Afrika Kusini, na mwaka 2017 watafiti waliandika kuhusu familia zenye ugonjwa huo Zambia, jirani yetu wa karibu. Katika aina hii pia herufi za DNA hurudiwa, na marudio hayo huweza kuongezeka kizazi hadi kizazi, kiasi kwamba mtoto akaanza kuugua kabla ya mzazi wake.

Dawa zimefika wapi? Tarehe 28 Februari 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha omaveloksoloni, dawa ya kwanza kabisa kwa ataksia ya Friedreich, kwa wenye umri wa miaka 16 na zaidi. Ulaya ilifuata mwaka 2024. Katika jaribio la wiki 48, waliomeza dawa walikuwa na hali bora kuliko waliopewa dawa bandia, ingawa tofauti haikuwa kubwa. Haiponyi. Inapunguza kasi ya ugonjwa, na kwa kijana anayetaka kumaliza chuo akiwa bado anatembea, kasi ni kila kitu. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola 370,000 kwa mwaka. Familia ya kawaida haiwezi kuifikia hata kwa kuuza shamba na nyumba. Majaribio mengine yanaendelea, ya kumwingizia mgonjwa frataksini yenyewe na ya kupeleka jeni nzima moyoni.

Wakati hayo yakisubiriwa, zipo ataksia zinazotibika leo, na kuzikosa ni hasara isiyosameheka. Upungufu wa vitamini E wa kurithi, unaojulikana sana Tunisia, hufanana mno na ugonjwa wa Friedreich, na hudhibitiwa kwa vitamini hiyohiyo kwa kipimo kikubwa, maisha yote. Upungufu wa vitamini B1 na udhaifu wa tezi ya thairoidi navyo vina dawa. Tena wako wagonjwa wa kifafa wanaotumia fenitoini ambao huanza kuyumba dawa inapozidi mwilini. Hao wasiiache ghafla, kwa sababu degedege linaweza kuwarudia vibaya. Wamwone daktari aipime na kuipunguza.

Kwa ataksia isiyo na dawa, mazoezi tiba si ya kufariji tu. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba wiki 4 za mazoezi makali ya uratibu ziliboresha mwendo wa watu ambao ubongo wao mdogo ulikuwa ukiendelea kunyauka, ilimradi waendelee nayo nyumbani. Mengine yanafanywa na familia. Choo cha kuchuchumaa ni mtego, kwa hiyo kiti kilichotobolewa katikati na vyuma vya kushikilia ukutani vitazuia mfupa kuvunjika. Uji mzito humezwa kwa usalama kuliko maji matupu, na kuinamisha kidevu kidogo wakati wa kumeza huwasaidia wengi. Mpe muda amalize sentensi yake. Usimmalizie.

Tarehe 25 Septemba kila mwaka ni siku ya kimataifa ya ataksia. Nawaomba wahariri wa redio na magazeti walitaje neno hili siku hiyo kwa Kiswahili, na nawaomba wahudumu wa afya waandike kwenye kadi ataksia pamoja na aina yake au chanzo kinachoshukiwa, badala ya “kupooza” au “kizunguzungu”. Nawe msomaji, ukimwona mtu akiyumba kituo cha daladala, mpe mkono apande kwanza.