Takwimu za maafa katika wimbo na ushairi simulizi

Uwasilishaji wa hesabu za ukame, njaa, mafuriko au ajali kwa sauti badala ya jedwali. Kwa kompyuta, kwa mfano, kila mwaka hupewa noti yake. Mvua ikipungua, sauti hushuka. Mbinu hiyo ni changa, lakini huko Unyamwezi, magharibi mwa Tanzania, kumbukumbu ya maafa ilitunzwa tangu zamani na manju, yaani kiongozi wa nyimbo. Kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, wapagazi wenye mizigo ya takriban kilo 30 waliimba kwa kupokezana: manju alitoa ubeti, kundi likaitikia kwa mwendo wa miguu. Nyimbo za kazi za Wasukuma, jamaa wa Wanyamwezi, zilichapishwa na Frank Gunderson mwaka 2010, na ni hazina ya historia isiyopaswa kudharauliwa.

Mtihani mgumu wa kuimba takwimu ni MV Bukoba, meli ya abiria ya Ziwa Victoria iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Walikufa zaidi ya watu 800, lakini abiria wa daraja la tatu hawakuorodheshwa majina. Msanii anayeigeuza ajali hiyo kuwa muziki hana budi kuliacha pengo hilo lisikike. Kuimba idadi kamili ni kuwasingizia marehemu.