Nguzo za Mawe za Wafugaji wa Kale

Asafiriye kutoka Kolandoto kwenda Mwanza huviona vilima vya mawe ya itale yaliyopandana kana kwamba yamepangwa na mtu. Hayo ni kazi ya maumbile. Lakini yako mawe mengine katika Afrika Mashariki yaliyosimamishwa na wanadamu, nayo yatupasa kuyajua, kwa kuwa waliyoyasimamisha walikuwa wafugaji, kama walivyo Wasukuma.

Karibu na Kalokol, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, zimesimama nguzo za mawe meusi. Waturkana hupaita mahali hapo Namoratunga, yaani watu wa mawe, na husimulia kuwa hao walikuwa wacheza ngoma waliogeuka mawe. Mwaka 1978 wataalamu Lynch na Robbins walitoa hoja kwamba nguzo 19 zilielekezwa kwenye nyota ili kuhesabu siku. Mwaka 1982 Robert Soper alizipima upya, akaitilia shaka hoja hiyo.

Nuru zaidi ilitoka Lothagam Kaskazini, upande uo huo wa ziwa, penye nguzo, duara za mawe na marundo ya mawe. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba pale ni makaburi ya kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Yakadiriwa kwamba watu wasiopungua 580 walizikwa pamoja: wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto. Karibu wote walivikwa mapambo, wala haikuonekana dalili ya mtawala aliyetukuzwa kuliko wenzake.

Zama hizo mvua zilikuwa zikipungua na ziwa likirudi nyuma. Ufugaji nao ulikuwa jambo geni katika nchi ile. Twaona basi kwamba mazishi yaliwakutanisha watu waliotawanyika kutafuta malisho, yakawakumbusha kuwa wao ni jamaa moja.

Kwa hiyo, atembeleaye mahali kama hapo aingie kwa heshima ya aingiaye makaburini. Asiokote ushanga wala asisogeze jiwe. Wako waliofundishwa kwamba kazi kubwa za kale zilihitaji mfalme wa kuamrisha. Mawe haya yashuhudia vingine. Wahenga walinena: mkono mmoja haulei mwana. Wala mkono mmoja haukuzisimamisha nguzo za Lothagam.