Visukuku Vidogo vya Lindi

Visukuku vya Lindi vikitajwa, Watanzania humkumbuka mjusi wa Tendaguru, ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913 wakaisafirisha hadi Berlin. Lakini vipo vingine vilivyoondoka mkoani humo bila kelele, tena bila wapagazi, kwa sababu maelfu yake huenea kwenye kijiko.

Hivi ni foraminifera, viumbe vya baharini vya seli moja, vingi vyao vikijijengea gamba la chokaa. Miaka ya 1950, wanajiolojia wa kampuni ya BP walizunguka pwani ya Tanganyika wakitafuta mafuta. Udongo waliouchukua ulioshwa na kuchekechwa, kisha magamba yakachaguliwa moja moja chini ya hadubini kwa ncha ya brashi mbichi na kupangwa kwenye vijikadi. Spishi zilizomo humwonyesha mtafuta mafuta umri wa mwamba, naye hana haja ya zaidi.

Wenye haja ya zaidi walikuwa wataalamu wa foraminifera Blow na Banner, ambao mwaka 1962 walitangaza aina mpya kutokana na sampuli za Lindi, ikiwemo Globigerina tripartita tapuriensis. Mkusanyo wa BP baadaye ulikabidhiwa Makumbusho ya Historia Asilia ya London.

Kuutunza si kuufungia kabatini. Mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao na karatasi duni huyala magamba ya chokaa polepole. Lebo ikipotea hasara ni kubwa zaidi: gamba lisilojulikana lilikotoka ni chokaa tu.

Kisha swali likabadilika, kutoka umri wa mwamba hadi joto la bahari za kale. Mwaka 2001 mwanasayansi Paul Pearson na wenzake walipima magamba yaliyohifadhika vizuri mno, yakiwemo ya Tanzania, wakaonyesha kwamba bahari za tropiki za zama za Eosini zilikuwa na joto la angalau nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi. Vipimo vya awali vilionyesha ubaridi kwa sababu magamba ya kwingineko yalikuwa yamebadilika kikemikali yakiwa sakafuni mwa bahari. Yale ya Kilwa na Lindi yalikingwa na udongo mzito wa mfinyanzi. Kuanzia 2002 wakachoronga visima, wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania. Tabaka walizozichambua zina majina ambayo kila msafiri wa kusini anayajua: Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande.

Vijikadi vichache vyenye lebo kamili, pamoja na hadubini ya kawaida, vinatosha kwa somo zima la sekondari. Wasimamizi wa makumbusho na vyuo vyetu wahakikishe vinawafikia wanafunzi wa Kilwa na Lindi kwanza.