Mlimani Punda, Mteremkoni Abiria

Siku yangu ya ofu, saa moja na nusu asubuhi, niko stendi ya Ukunda na helmeti ndani ya kikapu. Kondakta haachi kuniuliza, "Dada, pikipiki umeiacha wapi?" Namwambia sina pikipiki. "Sasa hiyo helmeti ya nini?" Nikimjibu naenda kuendesha karti, ananitazama kidogo, kisha anaendelea kuita abiria wa Likoni.

Simlaumu. Karti ni kigari kisicho na mlango, paa wala gia. Umekaa chini kiasi kwamba ukinyoosha mkono unagusa lami. Huku kwetu kusini sijapata uwanja wa kufanyia mazoezi, kwa hivyo lazima nivuke feri, nipite mji wote wa Mombasa, nitokee upande wa kaskazini, nilipie dakika zangu kumi, kisha nirudi njia ile ile. Siku nzima ya barabara kwa dakika kumi za mchezo. Na wiki tatu kutoka leo kuna mashindano. Karti ni za kukodi, madereva ni watu wa kazi zao kama mimi, na ada ya kuingia nimeilipa kwa mafungu. Mwaka jana nilimaliza wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho injini yake ilizima.

Basi nikaenda Msambweni kumwomba Bibi dua. Dua alinipa, lakini kwanza alinihoji.

"Hilo gari ni lako?"

"La, Bibi. Nakodi."

"Linakupeleka wapi?"

"Linazunguka tu. Unaanza hapa, unamalizia hapa hapa."

"Kwa hivyo unatoa pesa yako ukae kwenye gari la mtu lisilokwenda mahali."

Nilivyokaa kimya alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso. "Wewe umempita babu yangu. Yeye angalau walimlipa kulisukuma."

Gari gani? Hapo ndipo mazoezi yangu yalipogeuka kuwa kusoma historia.

Babu yake Bibi, ndivyo tunavyosimuliwa nyumbani, alitoka Msambweni kwa miguu, akavuka maji pale Likoni, akaenda kutafuta kazi Mombasa wakati Waingereza wameshika mji. Kazi aliyoipata ilikuwa ya kusukuma troli. Mwanzoni nilidhani Bibi anachanganya na mkokoteni. Wapi! Troli zilikuwepo kweli, na mji mzima ulizitegemea.

Hadithi yake inaanza na reli iliyoshindwa. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani, Imperial British East Africa Company, ilianza kutandika reli nyembamba, upana wake futi 2 tu, ikaipa jina kubwa la Central African Railway. Ilifika kama maili 7 hivi, pesa zikaisha. Reli ya kweli, ile ya Uganda, ilianza kutandikwa mwaka 1896, nayo ilikuwa pana zaidi, mita moja. Vile vyuma vyembamba vilivyobaki havikutupwa. Vilitandikwa katika barabara za kisiwa cha Mombasa, na juu yake yakawekwa magari madogo: ubao wa kukalia, turubai ya kukinga jua, magurudumu manne. Injini ilikuwa ni wanaume wanaokimbia nyuma yake.

Wakubwa wa serikali na matajiri walikuwa na troli zao wenyewe, kama leo mtu anavyokuwa na Prado. Baadhi ya nyumba zilikuwa na kijireli chake kilichochepuka kutoka njia kuu hadi mlangoni. Kutoka Kilindini hadi Mji wa Kale, bwana amekaa na kofia yake, wasukumaji wanatiririka jasho. Mambo haya yaliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, magari ya petroli yalipochukua nafasi. Picha zake zipo. Katika zile nilizoziona, aliyekaa anatazama kamera, na wanaosukuma wanatazama reli.

Lakini kuna jambo picha halisemi, na Bibi analo kutoka kwa babu yake. Palipo na mwinuko walisukuma kwa mabega. Palipo na mteremko waliruka wakadandia nyuma, miguu ikining'inia, upepo usoni, na bwana mbele hana la kufanya ila kushikilia kiti chake. Mzee alikuwa na msemo wake: mlimani tulikuwa punda, mteremkoni sote abiria. Bibi anasema alikuwa akiusema huku anatabasamu, na kwamba alijua kila mteremko wa Mombasa kama ajuavyo vyumba vya nyumba yake. Alijua mahali pa kuachia na mahali pa kuburuta mguu kabla ya kona, na pia mahali ambapo ukizubaa tu utasukuma upya kutoka sufuri.

Weka hilo la mwisho akilini. Nitalirudia.

Troli zilipoondoka, swali la nani anakaa na nani anasukuma halikuondoka. Mashindano makubwa ya magari huku kwetu yalianza tarehe 27 Mei 1953, kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Hesabu tarehe. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya Oktoba 1952. Aprili 1953 Jomo Kenyatta alikuwa amehukumiwa kifungo kule Kapenguria. Wiki saba baadaye magari yakaondoka kwenda kutimua vumbi la Afrika Mashariki. Wakati watu wa Kati wanahitaji kibali kutoka kijiji kimoja hadi kingine, kuna watu waliokuwa wanashindana nani atavuka nchi haraka zaidi. Na magari yaligawanywa katika madaraja kwa bei yake dukani. Ulishindana na wenye pesa kama zako. Asiye na gari hakuwa na daraja.

Mwanya uliopatikana ulipitia gereji. Joginder Singh, fundi aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alishinda Safari ya 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshapigishwa Safari ya mwaka uliotangulia. Gari la mkono wa pili, bana! Akashinda tena 1974 na 1976. Mwaka 1983 Mfaransa Michèle Mouton alimaliza wa tatu, na nakutajia kwa sababu kila nikifika uwanjani kuna mtu ananiuliza nimemsindikiza nani. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza wa nne kwa Subaru, mbele ya madereva kibao wa ng'ambo. Ila wote hawa walihitaji gari, na gari la rali ni mali ya mtu au ya kampuni. Talanta peke yake haikuwashi injini.

Karti ilizaliwa kwa njia nyingine. Mwaka 1956 huko California kulikuwa na jamaa anaitwa Art Ingels, mfanyakazi wa Kurtis Kraft, kiwanda kilichounda magari ya mashindano ya Indianapolis. Mchana alikuwa akiwaundia matajiri magari ya maana. Baada ya kazi, yeye na rafiki yake Lou Borelli waliunganisha mabomba ya chuma, wakaweka injini ya mashine ya kukatia nyasi iliyokuwa imekosa soko, kama nguvu ya farasi 2 na nusu, na Ingels akaanza kuzunguka nayo kwenye maegesho ya uwanja wa Rose Bowl. Watu walimcheka, kisha wakaomba kujaribu. Mwaka 1959 kampuni ya McCulloch, iliyokuwa ikitengeneza misumeno ya injini, ilikuwa tayari inatoa injini za karti. Mwaka 1962 mchezo ukapata kamati yake ya dunia. Leo karibu kila dereva wa Formula 1 unayemjua alianzia kwenye karti. Ayrton Senna mwenyewe alitafuta ubingwa wa dunia wa karti miaka kadhaa, akawa wa pili 1979 na 1980, na hakuupata kamwe.

Na karti ya kukodi je? Hapa historia inarudi shambani kwa mjomba wangu. Mwaka 1983, mwaka ule ule wa Mouton, Honda ilitoa injini za aina ya GX: silinda moja, imara, hazina makuu. Ukienda kwa mjomba nyuma ya Msambweni utakuta moja kwenye pampu inayovuta maji ya kumwagilia nyanya. Ukija Diani stima zikipotea utazisikia kwenye majenereta ya maduka. Na ukikaa kwenye karti ya kukodi, sehemu nyingi duniani, utaikuta ubavuni mwako, ikinguruma sauti ile ile. Siku ya kwanza uwanjani, wenzangu wa kazini walipokuwa wanaogopa kelele, mimi nilisikia nyanya zinamwagiliwa.

Hii injini haina nguvu nyingi. Ina gavana inayoizuia isizidi kiwango fulani cha mizunguko, hata ukanyage mafuta vipi. Karti yenyewe haina difu: magurudumu mawili ya nyuma yameshikwa na chuma kimoja, yanazunguka pamoja. Ili ipinde vizuri lazima gurudumu la nyuma la ndani linyanyuke kidogo, na kinachofanya hivyo ni jinsi unavyokata usukani na jinsi uzito wako unavyoegemea nje. Ukikata kwa pupa karti inateleza kando. Kwa watazamaji unaonekana mkali kweli kweli, vumbi, kelele, simu zinakurekodi. Lakini saa inakucheka. Mwendo ulioupoteza kwenye kona, ile injini ndogo itautafuta njia nzima iliyonyooka, na kabla haijaupata kona nyingine imefika.

Mwaka jana nilikuwa hivyo. Nilishika breki kwa kuchelewa, nikapiga kona kwa hasira, nikatoka na makofi. Nikawa wa pili kutoka mwisho.

Sasa fikiria msukuma troli. Yeye pia hakuwa na nguvu ya ziada. Kila mwendo uliopotea aliurudisha kwa mgongo wake. Kwa hivyo alijifunza kutopoteza: kuachia mapema, kuburuta mguu kabla ya kona na si ndani ya kona, kuliacha gari litiririke. Nilipomweleza Bibi kuhusu kona zangu hakushangaa hata kidogo. "Unavunja kabla, halafu unaachia," alisema. "Ukivunja katikati umejichosha bure." Bibi hajawahi kushika usukani maishani mwake.

Basi hivi ndivyo ninavyojiandaa. Nyumbani Ukunda nimechora uwanja kwa chaki kwenye sakafu ya ua, na jioni nautembea taratibu kwa miguu, nikisema kwa sauti: breki, achia, subiri, mafuta. Jirani yangu ameshazoea. Nafanya mazoezi ya shingo na mikono ya mbele, kwa sababu usukani wa karti hausaidiwi na chochote na baada ya dakika nane vidole vinakufa ganzi. Nikienda uwanjani silipii tena kumfukuza mtu. Nalipia kujifunza kona moja. Ofu iliyopita ilikuwa ile kona ndefu ya kulia. Nimepunguza nusu sekunde kwa mzunguko, wallahi, kwa kufanya mambo machache zaidi.

Siku yenyewe tutapimwa uzito na helmeti zetu. Mimi ni mwepesi, kwa hivyo nitaongezewa vipande vya chuma ili nisiwe na nafuu juu ya wengine. Kisha tutapiga kura ya karti, na raundi inayofuata tutabadilishana. Hakuna atakayekuja na yake. Mwanzoni nililiona hilo kama unyonge, gari la kukodi ni la mtu asiye na gari. Siku hizi ndilo linalonivutia. Kutoka kwenye troli yenye jina la bwana hadi Safari iliyopanga watu kwa bei ya gari, kiti kilikuwa na mwenyewe. Hiki kinapigiwa kura.

Sisemi kwamba ukuta umeanguka. Kuna wenzangu wanaoishi dakika kumi kutoka uwanjani na wanaofanya mazoezi mara tatu kwa wiki. Mimi nina feri. Barabara ya Dongo Kundu inayozunguka hadi Kibundani ni ya wenye magari. Sisi wa miguu bado tunasubiri mlango wa chuma ushuke. Na Bibi haipendi ile feri. Tangu Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu zaidi ya 270, anasoma dua kila mtu wake anapovuka, na hajali wewe umevuka mara elfu. Dua niliyoifuata Msambweni, kumbe, ilikuwa ya feri. Karti haimtishi.

Nilipokuwa naaga aliniuliza kama pale uwanjani kuna mlima.

"Hakuna, Bibi. Ni tambarare."

Akafikiri. "Basi mtajuaje nani punda?"

Nikamwambia saa itasema. Akaniambia nikishamaliza nimpigie, nafasi yoyote nitakayopata, ila kwanza nimpigie nikiwa nimeshavuka.